Abu Shanab Hana Sauti

Jumamosi, 4 Oktoba

Tuqa kalala. Hajja Insaf, mama mkwe, naye kalala upande wa pili wa pazia, anakoroma. Nyumba kimya mpaka nasikia friji inavyohema.

Leo mume wangu kaniambia maneno manne tu: "Chaja iko wapi, wewe?" Nikamwonyesha. Akavaa hedifoni, akageukia ukuta. Basi. Hiyo ndiyo siku yetu.

Halafu akaanza kucheka! Kucheka kweli, mabega yanatikisika. Anaongea na wenzake wa kwenye gemu. Kaka nifunike, kaka niko nyuma yako, kaka usiniache. Mimi niko hapo hapo nakunja nepi. Sikumbuki lini alicheka hivyo na mimi.

Simlaumu Mahrus. Kutwa yuko chini kwenye duka la gemu la Zalata, anawawashia vijana mashine na kuwaamulia ugomvi. Anapanda kachoka. Na hapa kwa mama yake tuna nusu ya sebule na pazia. Mtu atacheka na mkewe wapi? Siku nilipotoka hospitali na mtoto nilimwambia: sitaki dhahabu, sitaki nguo, nataka mlango. Mlango wangu mwenyewe, niufunge. Sijui kama alisikia.

Inshallah. Mlango utapatikana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefanya jambo la kijinga. Na nimefurahi!

Nilikuwa natafuta soksi ya Tuqa chini ya kabati. Nikakuta simu ya zamani ya Mahrus, ile aliyosema imekufa. Kioo kimepasuka pembeni kama utando wa buibui. Nikaichomeka. Ikawaka! Haikufa. Ilichoka tu.

Gemu lake limo bado. Nikataka nione anachokiona yeye, basi. Simu ikaniambia chagua jina. Niandike Wisal? Ili mtaa mzima wa Imbaba ujue jina la mke wa Mahrus? Nikainua macho — ukutani kuna picha ya marehemu baba mkwe, masharubu yamejikunja kama pembe za kondoo. Nikaandika: Abu Shanab. Baba Masharubu.

Kumbe ni mji mkubwa, hauna mzee wala mtoto mchanga. Unaiba gari, unavunja benki, askari wanakukimbiza. Ukiuawa unaamka mlangoni mwa hospitali, nguo safi, hata hazijakunjamana. Nani anafua huko, sijui.

Nikampata Mahrus. Yaani jina lake, na lile limtu lake lenye misuli. Nikaomba kuingia kundini. Nikapitisha waya wa sikioni chini ya mtandio, nikasimama jikoni nakoroga molokhia, mboga yetu ya kuteleza kama mlenda. Sauti yake ikaja mara mbili — kwanza kupitia pazia, halafu kupitia simu, imechelewa kidogo.

"Karibu, Abu Shanab! Ongea tukusikie."

Nikaandika: nilipasuliwa koo, siwezi kuongea.

"Maskini! Pole sana, kaka. Wewe andika, mimi nitaongea kwa niaba yetu wote wawili."

Kaka! Molokhia ikafurika.

Wengine kundini ni Zalata mwenyewe, mwenye duka, kichwa chake upara mtupu kama yai. Na Bunduq anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kwa mkokoteni. Bunduq mwembamba kama ufagio, lakini kwenye gemu ana kifua cha nyati.

Tulivunja benki. Niliendesha gari mimi. Nikasimama kwenye taa nyekundu.

Zalata akapiga kelele, "We mzee! Tumetoka kuiba, askari wako nyuma, wewe unapisha watu wavuke?"

Nikaandika: kuna mwanamke na kikapu.

Bunduq alicheka mpaka akapaliwa. Mahrus akasema: mwacheni, huyu ndiye mwenye akili peke yake hapa.

Mwenye akili. Mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo Mahrus kaja jikoni! Kwa miguu yake. Nikaficha simu kwenye unga.

Kauliza, "Mtu koo likimuuma sana, anywe nini?"

Nikamwambia, majani ya mpera, yachemshwe na karafuu mbili, anywe moto.

"Majani mangapi?"

Nikamwambia kiganja kimoja. Akashukuru, akarudi kwenye pazia. Hata molokhia haijachemka — simu ikatetemeka ndani ya unga. *Abu Shanab, kaka yangu, chemsha majani ya mpera, kiganja kimoja, na karafuu mbili. Dawa ya uhakika. Nimeuliza kwa mtaalamu.*

Mtaalamu! Nilicheka peke yangu, pua ikaingia unga. Halafu nikakumbuka majira ya baridi nilipougua koo mimi, homa mpaka naweweseka, alisema tu punguza kukohoa mtoto ataamka. Basi nikalia kidogo pia.

Ila niliyachemsha. Nikayanywa. Kwani dawa ilitumwa kwangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Zalata na Bunduq walitoka mapema. Tukabaki wawili kwenye gemu, tumekaa juu ya paa la jengo lisilo na kitu ndani. Yeye nyuma ya pazia, mimi jikoni. Hatua chache tu kati yetu.

Akaniuliza, "Abu Shanab, una mke?"

Ninaye, nikaandika.

"Anakuelewa?"

Hapana. Hajui mimi ni nani.

Akavuta pumzi. Niliisikia mara mbili. "Wangu mzuri, kaka. Mpole. Akimwimbia mtoto mimi hutoa hedifoni sikio moja. Hajui."

Nikabaki nimeshika mwiko hewani.

Mbona humwambii, nikaandika. Nimekosea herufi.

"Nimwambie nini? Aliniomba kitu kimoja tangu nimuoe. Kimoja! Sijampa. Nikimtazama usoni nakiona hicho tu."

Alisikia! Siku ile ya mlango alisikia.

Jioni nilipombembeleza Tuqa niliimba nimegeukia upande wake. Sikuweza kuona ni sikio lipi liko wazi. Nikaimbia yote mawili.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Zalata alisema ana hatua mpya, ngumu kuliko zote. Duka la dhahabu. Mlinzi mmoja tu, mzee, magoti mabovu, anakalia kiti cha plastiki cha bluu. Nikaandika: hii iko upande gani wa mji, mbona sijaiona?

Bunduq akacheka. "Si unasema unakaa Imbaba hii hii? Pita mtaani kwetu utaiona. Mkabala na duka la gemu."

Nilikwenda roshani na Tuqa begani. Ng'ambo ya barabara, duka la sonara. Nje kiti cha bluu. Kwenye kiti Ami Hilal, mlinzi, anamenya pera kwa kisu kidogo. Akatuona, akapunga mkono wenye kisu.

Hawachezi. Wanataka kufanya kweli!

Na mazoezi wameshaanza. Zalata alimtuma Bunduq akaibe kitu chochote duka la dawa, apime moyo. Bunduq aliingia, akasimama mbele ya mfamasia, jasho likamtoka. Mfamasia akamuuliza una nini, mwanangu? Bunduq akasema kikohozi. Akauziwa dawa ya kikohozi, akalipa, akashauriwa akapige picha ya kifua. Kesho yake asubuhi alikwenda kupiga picha ya kifua!

Wote walicheka. Mimi pia, kidogo. Nikafikiri: watu hawa hawawezi kuiba hata kijiko. Mungu atawachosha tu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekaa roshani wakati wa sala, nikatazama. Kila Ijumaa msikiti unajaa, mikeka inatandikwa barabarani mpaka chini yetu. Wanaume wote wanaelekea kibla, yaani wameligeuzia mgongo duka la sonara. Sonara mwenyewe yuko safu ya kwanza. Kateremsha mlango wa bati nusu. Ami Hilal hawezi kusujudu kwa sababu ya magoti, basi huingiza kiti chake ndani na kusali humo, peke yake, amekaa.

Nilikuwa sijawahi kuona jinsi alivyo peke yake.

Baada ya sala nilishusha kikapu kwa ajili ya mikate. Kikapu hiki ndiyo miguu yangu — ngazi za jengo zimebomoka na Tuqa ni mzito. Hajja alinifundisha siku ya kwanza ya ndoa: kamba ikivutwa mara moja, subiri; ikivutwa mara mbili, vuta. Mkono wangu sasa unajua mikate, unajua nyanya, unajua Bunduq akipunja viazi.

Ami Hilal akavuka barabara kwa taabu, akaweka kitu kikapuni. "Mama Tuqa! Ya binti huyo, siyo yako!" Kipande cha halua ya ufuta. Nikamshukuru, halafu nikainama nikamwambia: Ami, Ijumaa ijayo pumzika nyumbani, magoti hayo.

Akaweka mkono sikioni. Nikarudia kwa nguvu.

"Nipumzike? Nyumbani nitakaa na nani, mwanangu?"

Akarudi kwenye kiti chake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mpango umekamilika. Umepangwa masikioni mwangu huku nabandika sufuria.

Ni Ijumaa hii. Watu wakisimama kusali, Mahrus na Zalata wataingia chini ya bati. Wakati wa sijda, mapaji yote ya uso yako chini, watatoka. Abu Shanab atasubiri pembeni na bajaji.

Bunduq akasema yeye hawezi.

"Hofu tena?" — Zalata.

"Siyo hofu. Ni sala. Sijawahi kukosa Ijumaa tangu nibalehe."

"Ewe mwana wa watu! Dhahabu ya mtu unaiba, sala unaogopa kuikosa?"

"Wizi nitautubia. Ijumaa ikipita haigeuki nyuma."

Wakabishana kama mawakili. Mwisho wakakubaliana Bunduq asali safu ya nyuma kabisa, awe mlinzi wa njia, akiona askari akohoe. Kikohozi anacho tayari, akasema. Na dawa anayo.

Kisha Mahrus akaeleza mzigo utakwenda wapi. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyekuwa ananiona.

"Kikapuni. Askari watapekua wanaume na bajaji. Nani atapekua kikapu cha mikate kinachopanda kwa mwanamke? Mke wangu atavuta. Kila siku anavuta. Haulizi kitu. Yeye na kikapu kitu kimoja."

Wakacheka wote watatu.

Nilizima simu. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 22 Oktoba

Zalata kampa Mahrus bastola aihifadhi. Ya kutisha tu, alisema. Mahrus kaileta ndani ya sanduku la viatu, kaiweka juu ya kabati, juu ya mtoto wetu anapolala! Aliponiona akasema viatu vya rafiki. Nikasema haya.

Haulizi kitu. Ndiyo.

Jioni nilimngoja abaki peke yake kwenye gemu, nikaandika kuliko nilivyoandika maisha yangu yote. Kwamba Ami Hilal atashtuka, moyo wake mzee. Kwamba bastola haijui kutisha tu. Kwamba mtaani kwetu mtu akianguka haamki mlangoni mwa hospitali na nguo safi.

Nilimsikia akijikuna ndevu, kupitia pazia, halafu kupitia simu.

"Najua, kaka. Unadhani silali sababu gani? Lakini nikipata fungu langu nampatia mlango wake. Chumba na jiko, mbali na mama. Hatua moja tu, halafu naliuza hili gemu, nalala."

Nikaandika: labda mkeo hautaki mlango huo.

"Humjui mke wangu wewe."

Alisema hivyo. Kwa ukali! Kama ananitetea kwangu mwenyewe.

Ningefanyaje? Nikienda kituoni, wa kwanza kufungwa ni yeye. Nikimwambia Hajja, atapiga ukelele usikike mpaka ng'ambo ya Nile, na Zalata si mtu wa kuachia mtu aliyemvurugia. Nikaona njia moja. Nikaandika kwenye kundi: mimi siji. Bila dereva mtaahirisha. Mahrus aliwahi kusema, bila Abu Shanab siendi!

Mahrus akasema kweli basi tuache, kaka zangu, bila—

Zalata hakumwachia amalize. Akasema bajaji ataendesha yeye. Na Mahrus ataingia dukani peke yake, na chombo mkononi. "Au nawe umeota masharubu ya huyo bubu?"

Mume wangu akasema, "Naingia."

Nilitaka kumtoa. Nimemsukuma ndani zaidi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo nimejaribu kwa mdomo wangu. Nimevaa lile gauni la kijani. Nimepika kuku. Nikakaa mbele yake nikamwambia: Mahrus, nina jambo.

Akanitazama — akaniona, nadhani. Akatoa hedifoni sikio moja.

Hajja akaita toka upande wa pili: "We Mahrus! Mkeo kapika kuku na leo si Ijumaa, muulize anataka nini!"

Akacheka, akarudisha hedifoni. "Utaniambia kesho baada ya sala," akasema. "Kesho nitakuwa na habari nzuri."

Alipoteremka dukani nilipanda kiti. Nikafungua lile sanduku. Nilidhani bastola ni nyeusi, kumbe ina kutu kidogo, kama bawaba. Nzito kuliko Tuqa alipozaliwa. Nitaiweka wapi, nyumba haina pembe ya siri! Kila kitu Hajja anakigusa. Kisha nikauona mtungi wa mishi. Lile jibini lake la chumvi, la mwaka juzi, lina harufu ya kumwamsha maiti na wadudu wanaogelea juu. Hakuna mtu mwenye akili anayetia mkono humo.

Nimetia mkono humo. Mpaka kiwikoni. Kwenye sanduku nimeweka mchi wa kutwangia vitunguu saumu, nimeufunga kitambaa kile kile.

Nimeoga mara mbili. Tuqa bado ananikunjia pua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Asubuhi. Hajja kataka mishi na mkate.

Nikasema, Hajja, ina wadudu.

"Mdudu wa mishi katoka humo humo kwenye mishi, wa kwake mwenyewe. Wewe unamwogopa nani?" Akajifunga kanga kiunoni, akatwaa kijiko kikubwa.

Mahrus yupo, anafunga viatu, uso mweupe kama chokaa. Kijiko kikaingia. Nikaomba dua zote ninazozijua na nyingine nikatunga. Kijiko kikagonga kitu — *ti!* Hajja akasema huu mtungi umeanza kupasuka ndani. Akachota juu juu, akala, akasifu.

Mahrus hakusikia kitu. Hata mkate hakugusa. Kaniambia mlangoni, bila kunitazama, anaongea na kitasa: "Nikikuita toka chini, nishushie lile sanduku la viatu kwa kikapu. Usilifungue. Kisha usiondoke roshani. Kamba ikivutwa mara mbili, vuta. Ni nyama ya kumpikia mama."

Nikasema, "Mahrus, lile jambo langu."

"Baada ya sala, nimekwambia."

Akambusu Tuqa kichwani. Akasimama. Halafu na mimi, hapa juu ya jicho. Haraka, kama mtu anayeiba.

—

Sasa niko roshani. Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele. Hajja kalala. Tuqa kalala kwenye kapu la nguo miguuni pangu. Mikeka imetandikwa hadi chini ya jengo. Bunduq safu ya mwisho, anageuka geuka, anameza dawa ya kikohozi kwenye chupa yenyewe. Bajaji ya Zalata pembeni, injini inanguruma. Ami Hilal ameinua kiti chake cha bluu, anakiingiza ndani chini ya bati. Ameinama kwa shida. Kofia imemdondoka, kairudia.

Mahrus yuko chini yangu. Namwona utosi tu. Nywele zimeanza kupungua katikati, sikuwa najua. Hedifoni iko shingoni.

"Mama Tuqa! Shusha!"

Sanduku ninalo hapa. Mchi ule! Nikimshushia, ataingia na mchi kwenye duka la watu, na Zalata atamwua kwa mchi huo huo. Nisiposhusha kitu, ataingia mikono mitupu, kwa sababu alisema naingia, na yeye akisema amesema.

Nimeichukua simu. Ile iliyokufa. Nimeifungua pale pale kwenye maneno yetu, yangu na yake — majani ya mpera, hajui mimi ni nani, labda mkeo hautaki mlango huo. Nikaandika mstari wa mwisho: *Koo langu limepona. Tazama juu.*

Nimeiweka kikapuni. Nimeshusha.

—

Nimefunga kamba kwenye chuma cha roshani, nimeipitisha kiganja cha kushoto. Naandika na wa kulia.

Ameona kikapu hakina sanduku. Kaingiza mkono. Anaijua ile simu, yeye ndiye aliyeiangusha, ule ufa ni wake. Anaigeuza. Anasoma.

Imamu anasema nyoosheni safu.

Anasoma bado. Kidole kinapandisha maneno juu, juu, anarudi nyuma mpaka mwanzo. Shingo imekuwa nyekundu. Zalata kapiga honi kidogo. Bunduq kakohoa — sijui ni ishara au ni kikohozi kweli, naye nadhani hajui.

Allahu akbar. Mikono yote imepanda, imefungwa kifuani. Barabara nzima imenyamaza. Amesimama mmoja tu asiyeelekea kibla wala duka. Mume wangu. Anatazama ile simu.

Zalata kateremka kwenye bajaji.

Kamba imetikisika kiganjani! Mara moja.

Nangoja ya pili. Hakuna. Mara moja tu. Kwetu maana yake subiri. Subiri nini, hajasema. Hajainua kichwa. Lakini kamba hajaiachia, naisikia, inakuja na mapigo ya mkono wake.

Zalata anatembea pembeni mwa mikeka, hakanyagi, anakuja upande wetu.

Tuqa kaamka. Anaanza kulia. Sina mkono wa kumbeba, kamba siiachi. Wanaume wote wako kwenye sala, Hajja atasema nimetia aibu mbele ya msikiti mzima. Aseme.

Nitamwimbia toka hapa hapa. Kwa sauti. Hedifoni iko shingoni, masikio yote mawili yako wazi—